Korosho Yenye Meno

Kinyago cha kuchezea michezo ya kuigiza ya mezani kina urefu wa milimita 28 hivi. Korosho ghafi ya Tandahimba ikikomaa sawasawa inacheza hapohapo. Sasa kipake kinyago chako praima ya kijivu, ile ya gereji, halafu ukianike juani jirani na korosho za shangazi yangu. Yaliyobaki mngeweza kuyamalizia wenyewe, ila mtakosa habari za karani.

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne watano mnakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, shujaa, mchawi, mwizi wa kufungua makufuli. Msimulizi anasema umekutana na zimwi, unasema utafanya nini, dadu la pande 20 linaamua kama umefaulu au umeumbuka. Mezani kuna karatasi ya miraba. Kila mraba ni inchi 1, na inchi hiyo huhesabiwa futi 5 za ardhi, ndiyo maana vinyago lazima viwe vidogo. Chonga zimwi la kimo cha chupa ya soda uone, litakalia kijiji kizima. Vya dukani mpaka uagize nje, na bei yake ukimtajia mtu wa Mtwara atakuuliza kama vinaongea.

Mimi nachonga. Huku huwezi kukosa fundi wa vinyago, na mmoja wa Mikindani huniwekea vipande vya mpingo ambavyo kwake ni vya kutupa. Mpingo unatesa patasi lakini unashika sura, hata ukucha utaonekana. Kazi iko kwenye macho. Unachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi nyeupe, unabana pumzi, unagusa mara moja tu. Ukirudia, mtu wako ana makengeza ya maisha. Mchawi wangu anayo.

Basi msimu wa korosho nikapanda Tandahimba kumsaidia shangazi kuokota, na kundi langu la vinyago nimelibeba nilimalizie hukohuko. Asubuhi nikapuliza praima, nikavipanga pembeni ya turubai lake, tena nikaweka fimbo katikati kuwa mpaka. Tukaenda shambani. Adhuhuri wingu likafunga upande wa Ruvuma. Mtu wa korosho akiona wingu hatambui mipaka. Shangazi na wajukuu zake walitangulia mbio, wakakamata turubai pembe nne, wakamimina kila kitu magunini. Mvua yenyewe ilidondosha matone mawili matatu ikaghairi.

"Shangazi, vinyago vyangu?"

"Vile vidude? Watoto wamevitoa."

Watoto wakasema bibi ndiye kavitoa.

Kesho yake tuko kwenye foleni ya chama cha msingi cha ushirika. Karani wa ubora akafungua gunia la shangazi, akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa konzi na kuimwaga mezani. Akachagua moja apasue aone punje. Kisu kikateleza. Akakaza. Kikateleza tena, nusura kimpeleke hospitali. Akaigeuza ile korosho, akaisogeza karibu na uso.

"Mama, hii korosho yako ina meno."

Shangazi hakupepesa. "Huyo si wangu. Muulize msomi huyo hapo."

Ikumbukwe kwamba magunini humu watu wameshawahi kuficha kokoto ili kuongeza uzito, kwa hiyo karani hakuwa na moyo wa utani. Foleni ilikuwa nao. "Kokoto zimeisha, sasa wanapima watu!" Mzee aliyekuwa nyuma yetu aliyaburuta magunia yake taratibu hadi umbali aliouona unafaa.

Nikajieleza. Karani akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani anashinda?"

"Hakuna anayeshinda, hadithi inaendelea tu."

"Mnacheza muda gani?"

"Saa nne, tano, hivi."

"Ndiyo maana huoi," akasema shangazi.

Amri ikatoka: magunia yote yamwagwe, yachambuliwe. Kijana mmoja akashauri tutumbukize kila kitu kwenye pipa la maji, maana mpingo huzama. Ni kweli huzama, ila korosho nzuri nayo huzama, na korosho iliyolowa nani ataipokea? Tukachambua kwa mikono. Foleni ikachoka kungoja, ikaja kusaidia. Kila kinyago kilipoibuka nililazimika kukitambulisha: huyu ni nani, ana cheo gani, hizi pembe za nini. Mwisho karani akaviweka kwenye mizani, mshale haukujisumbua. Kwenye karatasi yake akaandika: takataka, aina ya binadamu.

Joka halikupatikana. Korosho zilikwenda ghala kuu kusubiri mnada, na korosho ghafi zetu nyingi huishia India na Vietnam, basi mbanguaji wa huko na amwangalie mwenzetu.

Jumamosi ya mchezo ikafika kabla sijamaliza kusafisha na kupaka upya jeshi langu. Nikamwaga mezani korosho zilizobanguliwa, nikatangaza kuwa hizi ndizo mazimwi, anayeua anakula. Si ushamba huo. Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa michezo hii, ilipotoka Marekani mwaka 1974, wenyewe walikuwa wakitumia hata midoli ya plastiki ya bei chee kuwa madubwana. Tatizo midoli hailiki. Wachezaji wangu walianza kuua mazimwi ambayo bado sijayasimulia, dadu halijarushwa, na yule mwenye mhusika wa mwizi akamtafuna binti wa mfalme tuliyetumwa kumwokoa.