Dalali Aseme Kuwa Ni Dalali

Ukienda kwenye bondi, zile yadi za kuuzia magari, pale Nakawa, Kampala, dalali hakufichi. Anakusifia gari, unamsikiliza, lakini unajua kamisheni yake inatoka wapi, kwa hiyo unakuja na fundi wako. Wapimaji wengi wa bunduki za upepo ninaowatazama kwenye video, Wamarekani na Waingereza, wanavaa ovaroli la fundi na kufanya kazi ya dalali. Hilo linaniuma.

Mmoja wao nilimwamini miaka mitatu, hadi nikawa nawafasiria wenzangu wa Bombo maneno yake. Juzi aliisifu bunduki mpya: mita 300 kwa sekunde! Uzito wa risasi aliyoipiga hakuutaja.

Na uzito ndio habari yenyewe. Chukua bunduki ya jouli 16 (jouli ndicho kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka), karibu kabisa na kikomo cha England na Wales kwa bunduki ndefu ya upepo isiyohitaji cheti. Ukiipa risasi ya gramu 0.52, inatoka kwa takriban mita 248 kwa sekunde. Ukiipa nyepesi ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya gramu 0.35, kwa nguvu ile ile, mwendo unafika 302. Bunduki haijaongezeka nguvu hata chembe. Tena hiyo nyepesi hupoteza mwendo upesi na upepo huisukuma ovyo, basi mnunuzi amelipia tarakimu ambayo shabaha haitaiona.

Mwisho wa video, kwa maandishi madogo ya kupepesa jicho, ikaonekana kwamba bunduki alipewa bure na mtengenezaji. Kule Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara, FTC, uliorekebishwa mwaka 2023, unataka uhusiano wa namna hiyo utajwe waziwazi, pahali ambapo mtu hawezi kuupita bila kuuona. Zawadi nayo inahesabiwa, si fedha taslimu peke yake.

Sisemi mtu asilipwe. Kupima ni kazi na kazi ina ujira. Ila aseme mwanzoni nani kamlipa, na kama bunduki inarudi kwa mwenyewe au inabaki kwake. Ataje risasi na uzito wake. Atuoneshe karatasi ya shabaha yenye matundu yote, hata lile lililokwenda kombo.

Nilimwandikia kumuuliza uzito. Hajajibu. Wale niliowafasiria, nawapigia simu mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshaanza kuweka akiba.