Plazima haipunguzi bei ya kupasua maji

Huku Arusha mafundi wa Unga Limited wanaijua plazima siku nyingi, ni gesi iliyopigwa umeme mpaka ikawa moto mkali, ndo ile ya kwenye mashine ya kukatia vyuma, kwa hiyo ukiwaambia inaweza pia kupasua maji ukapata haidrojeni, gesi inayowaka kama mafuta, hawashangai, wanauliza tu lini itafungwa kwenye bodaboda. Ukiuliza umeme wa kupasulia utatoka wapi unaitwa mkatisha tamaa. Mi naona anayeuliza hivyo haeleweki tu.

Sifa za plazima ni za kweli. Haitaki madini ghali kama iridiamu ya kwenye baadhi ya mitambo ya elektrolisisi, yaani ile ya kupasua maji kwa kupitisha umeme ndani yake, afu inawaka na kuzimika fasta, inaendana na sola. Hapo sibishi.

Ila maji ni haidrojeni iliyoshaungua, ni kama majivu. Ukitaka kuyarudisha yawe kuni lazima ulipe moto wote uliotoka, yaani kilo moja ya haidrojeni inadai nishati ya uniti 39 hivi, uje na plazima uje na nini, haishuki. Elektrolisisi ya leo inakula 50 mpaka 55. Plazima ya maji inakula zaidi, maana ikishapasua, gesi zikianza kupoa haidrojeni na oksijeni zinashikana tena zinakuwa maji, umeme wako umeishia kuwa joto.

Sasa chukua hizo 55, yaani za mtambo ulio bora kuliko plazima. Kwa LUKU ya shilingi 350 na kitu kwa uniti inapita elfu 19, na kilo hiyo ina nguvu sawa na petroli lita nne kasoro, piga mwenyewe na bei ya sheli. Hapo hujaishindilia kwenye mtungi bado. Uniti hizohizo 55 ukichaji bodaboda ya umeme unatembea kilomita elfu moja na zaidi! Hii hesabu ndo inaninyima usingizi, kijana akope anunue mtambo wa kumla hela wakati soketi iko ukutani.

Anayeipenda plazima kweli aangalie gesi asilia, na tunayo ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kutoa haidrojeni kwenye methani, ndo sehemu kubwa ya hiyo gesi, kunataka kama sehemu moja ya saba ya nishati ya kuitoa kwenye maji, na kaboni haiendi hewani, inabaki masizi makavu, haya yanayotiwa kwenye matairi. Kule Nebraska, Marekani, kampuni ya Monolith ilishajenga mtambo wa namna hiyo, na biashara waliyoanza nayo ni kuuza hayo masizi.