Fitina za ikulu hazikuanza na televisheni

Mwandishi, umesema fitina za wake wa wafalme wa China ni zao la televisheni. Hapo tunapishana. Kisa cha mtoto wa mfalme na paka mwitu kilikuwa kikisimuliwa tangu enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Bibi Li anajifungua, mke mwenzake Liu anaagiza kichanga kiibwe, kitandani anawekwa paka aliyechunwa ngozi, na mama anaambiwa kazaa jini. Miaka inapita hadi hakimu Bao Zheng anafichua yote. Huyu kwenye jukwaa la opera ya Kichina humkosi hata ukikaa nyuma kabisa: uso mweusi tii, mwezi mwandamo mweupe kwenye paji.

Historia yenyewe haina makali hayo. Kichanga huyo, aliyekuja kuwa Mfalme Renzong, alilelewa na Liu, akaja kumjua mama yake mzazi baada ya Liu kufariki mwaka 1033. Paka hayumo! Kaongezwa na wasimulizi, na mimi siwalaumu. Msimulizi wa pingshu, sanaa ya Kichina ya kusimulia hadithi, ana meza, upepeo unaogeuka upanga, na kibao cha mbao. Upanga ukifika shingoni mwa shujaa, anagonga kibao, anakwambia urudi kesho.