Aliyeingia kwa Dirisha: Je, Taifa la Walowezi Lina Haki ya Kufukuza Wageni?

Kila Marekani inapotangaza msako mpya wa wahamiaji, hoja moja huzuka kwenye baraza za Mji wa Kale kabla kahawa haijapoa: hawa nao si walikuja kwa meli wakawapora wenyewe nchi? Aliyeingia kwa dirisha atamkatazaje mwenzake mlango? Mombasa hoja hii ina utamu wa ziada, maana mji huu umetawaliwa na Mreno, Mwomani na Mwingereza, na kila mmoja alifika na bendera yake na kodi yake. Ukiipekua, hata hivyo, utaikuta ina upande mzito na upande uliooza.

Tuanze na huo mzito. Mwaka 1790, nchi ikiwa bado changa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uraia iliyomfungulia mgeni mmoja tu: mtu huru mweupe. Mwaka 1823 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, ikaamua kwamba wenyeji wa asili wana haki ya kukaa kwenye ardhi yao, ila umiliki wenyewe ni wa Wazungu walioigundua na warithi wao. Yaani mtu amezaliwa pale, babu zake wamezikwa pale, kisha anaambiwa yeye ni mpangaji.

Halafu kuna kisa cha Chae Chan Ping, kibarua wa Kichina aliyeishi San Francisco tangu 1875. Mwaka 1887 alikwenda kwao kutembea, na kabla ya kuondoka alichukua cheti rasmi cha kumruhusu kurudi. Oktoba 1888, akiwa bado baharini, Bunge likafuta vyeti vyote vya aina ile. Alipofika bandarini akazuiwa kushuka. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema serikali haikukosea, kwa kuwa mamlaka ya kumkataa mgeni ni sehemu ya udola wenyewe, hayahitaji kuandikwa kwenye katiba. Maneno hayo ndiyo msingi ambao sheria ya uhamiaji ya Marekani inausimamia mpaka leo. Sasa jiulize udola huo ulifikaje California. Ulifika kwa vita dhidi ya Mexico vilivyoisha 1848, na Mexico iliirithi kwa Hispania, na Hispania haikuinunua kwa mtu.

Hebu tazama pia mwaka 1924. Mwezi Mei Marekani ilipitisha sheria iliyowafungia Waasia karibu wote na kuwabana Waitalia na Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Siku chache baadaye, Juni, ikapitisha nyingine iliyowapa uraia wenyeji wa asili wote waliozaliwa nchini. Waliokuwepo kabla ya wote walipewa karatasi mwisho wa wote.

Australia nayo ilianza maisha yake kama taifa mwaka 1901, na miongoni mwa sheria zake za mwanzo kabisa ni ile ya kuzuia wahamiaji wasio weupe. Haikutaja rangi. Ilimtaka mgeni aandike imla ya maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya, na lugha aliichagua ofisa. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyekuwa akipinga Wanazi na aliyejua lugha kadhaa, alipewa imla ya Kigaeli cha Uskoti, lugha ambayo hata Waskoti wengi hawaijui. Alipokataa, akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani. Mahakama ndiyo iliyomwokoa. Anayesema sheria za uhamiaji za mataifa ya walowezi zilizaliwa zikiwa zimepinda hasemi uzushi.

Upande wa pili barazani huwa hauna wakili, kwa hiyo nitausimamia mimi.

Hakuna nchi iliyopatikana kwa usafi. Tujitazame wenyewe. Wenye mji wa Mombasa ni Thenashara Taifa, yaani jamii kumi na mbili za Waswahili zilizogawanyika Miji Tatu na Miji Tisa, na ndani ya Miji Tisa mna Wapate, Wafaza na Washaka, watu wanaobeba majina ya miji ya kaskazini walikotoka. Wamijikenda husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini upande wa Somalia ya leo. Frere Town iliundwa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, watu wa makabila ya mbali waliokutanishwa na dhiki, na kengele yao ndiyo iliyozaa jina la mtaa wa Kengeleni. Reli iliyoanzia hapa 1896 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na baadhi yao hawakurudi. Tukisema aliyetoka kwingine hana haki ya kutunga sheria, sijui bunge la kaunti litabaki na nani.

Na swali hilo lilishaulizwa hapa kwa panga. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakaiba bunduki, kisha wakawageukia watu wa bara. Vikaratasi vilisambazwa kuwaambia wa kuja warudi kwao. Maelfu walikimbia, wengine wakajibanza kanisani Likoni. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na uchunguzi uliofuata, ukiwemo wa Tume ya Akiwumi, uliwanyooshea kidole wanasiasa. Pamoja na hayo, maneno waliyotumia wavamizi ni yaleyale ya barazani: sisi ndio wenyewe, nyinyi mmekuja. Waliochinjwa hawakuwa walowezi. Walikuwa wauza mboga, mafundi na wapangaji wa chumba kimoja.

Kisha kuna tundu katikati ya hoja yenyewe. Tunamlaumu mlowezi wa Kizungu wa Nyanda za Juu za Kenya kwa sababu gani? Kwa sababu aliingia bila idhini ya wenyeji na kuchukua ardhi yao. Kosa lake, basi, linategemea kitu kimoja: kwamba wenyeji walikuwa na haki ya kusema hapana. Ukifuta haki ya jamii kuamua nani aingie, umemfutia mlowezi kosa lake pia. Huwezi kuvunja mlango kisha ukamshitaki mwizi kwa kuuvunja. Kwa hiyo mtu anayetumia historia ya uporaji kudai kwamba mipaka yote ni batili, bila kujua, anamtetea aliyepora.

Kinachowatenganisha mlowezi na mhamiaji ni sheria, na hili nadhani ndilo kiini chenyewe. Mhamiaji huingia chini ya sheria aliyoikuta. Hata asiye na karatasi anaiogopa, ndiyo maana anajificha. Mlowezi huja na sheria yake mkobani, na mwenyeji anaamka asubuhi anakuta yeye ndiye mgeni wa sheria hiyo. Kumfananisha kijana wa Honduras anayeosha vyombo Texas na kampuni ya Kiingereza iliyoshuka Mombasa 1888 na hati ya Malkia, kwa sifa au kwa lawama, ni kuchanganya mambo mawili.

Rangi nayo isitupotoshe. Liberia ilianzishwa na watu weusi walioachwa huru kutoka Marekani, ikajitangazia uhuru 1847, na walowezi wake waliwatawala wenyeji kwa zaidi ya karne nzima, hadi mapinduzi ya 1980. Katiba yake mpaka leo inasema uraia ni wa watu weusi tu. Kuna wanaoielewa hofu iliyozaa kifungu hicho, na mimi ni mmoja wao, lakini Mlebanoni aliyezaliwa Monrovia na kuzikia wazazi wake hapohapo hana wa kumweleza hofu hiyo.

Na sisi? Baada ya uhuru, waliokuwa na asili ya Asia walipewa miaka miwili kuomba uraia, na wengi walisita wakashika pasi za Uingereza. Sheria za 1967 zikadai vibali vya kazi na leseni za biashara kwa asiye raia, na watu wakaanza kufunga maduka. Uingereza, iliyowaleta wazee wa baadhi yao kujenga reli, ikapitisha sheria yake Machi 1968, kwa siku chache tu bungeni: pasi pekee haitoshi, lazima wewe, mzazi au babu yako awe amezaliwa au amepewa uraia kulekule. Mtu mwenye pasi halali akajikuta hana nchi inayomtaka. Mlowezi alifunga mlango kwake, na sisi tuliotoka mikononi mwake tulikuwa tumefunga wetu mwaka mmoja kabla.

Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa huko Kwale. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya bila kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kufungua akaunti, na kila askari ni mtoza ushuru wako. Oktoba 2016 mamia yao walianza safari ya kutoka Kwale hadi Ikulu ya Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale walingoja hadi 2023. Na Mkenya Mwislamu wa Pwani, ambaye hata si mgeni, kwa miaka mingi amepigwa msasa: leta kitambulisho cha baba, leta cha babu, kaa mbele ya wazee wakuulize kisima cha kijijini kwenu kinaitwaje. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo. Imla ya Australia ilikuwa ya Kigaeli, na hii ya kwetu ilikuwa ya ukoo.

Kwa hiyo nakubali kwamba taifa la walowezi linaweza kutunga sheria ya uhamiaji. Sikubali litumie kauli ya "hapa ni petu tangu zamani", na sikubali sheria hiyo iwaguse wenyeji waliokuwepo kabla yake. Australia yenyewe imeanza kulitambua hili. Mwaka 1992, katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo wa visiwa vya Torres Strait, Mahakama Kuu ilikataa dhana kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe. Mwaka 2020 ikaenda mbele zaidi, majaji wanne dhidi ya watatu: serikali ilitaka kuwafukuza wanaume wawili waliowahi kufungwa, mmoja mzaliwa wa Papua New Guinea na mwingine wa New Zealand, wote si raia lakini wana asili ya Waaborijini. Majaji wakasema Mwaaborijini hawezi kuhesabiwa mgeni Australia, awe na uraia au asiwe nao. Wapinzani wanadai hukumu hiyo inaingiza damu kwenye sheria, na wana hoja; Likoni imetufundisha damu ikiingia inavyokwenda. Ila pale damu ilitumika kumzuilia mtu asifukuzwe, haikutumika kumfukuza.

Sisi tunaofurahia mzungu akikumbushwa alikotoka bado hatujafika hapo, na hapa suala linahama kutoka mlangoni hadi kwenye udongo. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwapa wenye ardhi wa Pwani muda wa kudai mashamba yao. Waarabu, Waswahili na Wahindi waliokuwa na hati walipata, na Wamijikenda, ambao umiliki wao haukuwa wa karatasi, wengi walikuta mashamba yao yamekuwa ya Mfalme wa Uingereza au ya jirani. Makubaliano ya Oktoba 1963, yaliyoukabidhi kwa Kenya ukanda wa maili kumi wa Pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, yaliahidi kuziheshimu hati zilizosajiliwa. Mmakonde wa Kwale sasa ana kitambulisho. Jirani yake Mdigo, mmoja wa hao Wamijikenda, hakuna aliyewahi kumwita mgeni, na bado ni skwota kwenye shamba la mtu ambaye hajapata kumwona.