Setilaiti ni zile zile

Kila nikija likizo Dar lazima atokee ndugu wa kuniuliza kama ni kweli huku Ujerumani simu inakupeleka mpaka mlangoni mwa mtu. Ni kweli. Hamburg, ninakoishi, simu inaniambia nipande treni ipi, nikishuka nitokee mlango upi wa stesheni, na kwamba basi la kuunganisha limechelewa dakika tatu. Mpaka hapo hatuna ubishi. Ubishi unaanza ndugu yangu anapohitimisha: "Wenzetu wana setilaiti, bwana."

Hizo setilaiti zinazopita juu ya Hamburg ndizo zinazopita juu ya Tandale. Wamarekani walianza kurusha za GPS, mfumo wao wa kutambua mahali, mwaka 1978, mfumo ukakamilika 1995, na ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, zinaizunguka dunia mara mbili kwa siku bila kujali chini yake ni Ulaya au Uswahilini. Warusi wana GLONASS, Wachina wana BeiDou, Umoja wa Ulaya una Galileo, na simu nyingi za siku hizi, hata zile za bei nafuu za Kariakoo, zinasikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Zinasikiliza tu. Ili kujua ilipo simu haitumi chochote kule juu, kwa hiyo yule mjomba anayezima simu ili setilaiti isimwone anajisumbua. Anayemwona ni kampuni yenye programu, tena kwa bando alilonunua mwenyewe.

Simu ikizipata setilaiti nne inaweza kukokotoa mahali ilipo, kwa kukosea mita chache. Haihitaji intaneti kwa hilo. Intaneti inahitajika kuleta ramani yenyewe, na ndiyo maana ukisafiri ni busara kupakua ramani ya mji unaokwenda kabla hujaondoka nyumbani. Ndani ya Umoja wa Ulaya tangu 2017 bando la nchi moja linatumika nchi nyingine bila nyongeza. Uswisi haimo, na wapo waliovuka mpaka wakitazama ramani kwa raha zao wakaja kusoma bili wamesimama.

Kama angani tuko sawa, tofauti iko chini. Ujerumani mwenye nyumba analazimika kisheria kubandika namba aliyopangiwa na manispaa. Namba hiyo imo kwenye kumbukumbu za upimaji za serikali pamoja na mahali halisi nyumba ilipo. Ukihama una wiki mbili za kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi. Kampuni za ramani zilipokuja zilikuta makarani wameshafanya kazi hiyo zamani sana. Sisi tulikulia kwenye S.L.P. Barua ilikwenda kwenye sanduku la ofisini kwa baba, baba akaja nayo jioni, na hakuna aliyehitaji kujua nyumba yetu iko wapi ila wanaotujua.

Na wanaotujua walikuwa na ramani yao, ambayo mpaka leo ndiyo inayoendesha jiji. Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala alifariki 2010, kituo bado ni chake, na konda wa miaka ishirini anayekitaja kutwa nzima huenda hajawahi kumsikia akiimba. Tabata Dampo: wakazi waliipeleka halmashauri ya jiji mahakamani mwaka 1988, dampo likaondoka, jina likabaki. Ubungo Mataa ndiyo kali kuliko zote. Pale sasa kuna barabara za juu, Kijazi, zilizofunguliwa 2021, na mabasi ya mikoani yamehamia Mbezi, lakini mwambie mtu mkutane Mataa uone kama atapotea. Mwenye Dar yake anatembea katika jiji lililopo na lile lililokuwepo kwa pamoja.

"Nirushie lokesheni" siku hizi ni kama salamu. Ila lokesheni ikishafika, bodaboda anaitazama, halafu anapiga simu: "Bosi, hapo ni karibu na nini?" Wenzangu wa ughaibuni hulicheka sana hili, wanasema dereva hajui kusoma ramani. Mimi naona anaisoma vizuri mno. Anajua kwamba nukta inaonyesha bati la nyumba, haionyeshi kwamba uchochoro ulizibwa na ukuta wa jirani mwezi uliopita, wala kwamba kuna msiba na turubai limekatiza barabara. Mvua ikinyesha usiku kucha, ni kundi la WhatsApp la mtaa litakalokwambia asubuhi kwamba Jangwani hapapitiki, tena kwa sauti ya mtu aliyesimama pale na viatu mkononi. Na mwisho kabisa wa safari kuna huduma ambayo sijaiona Ulaya: "Simama hapo hapo kwa Mangi, namtuma mtoto aje akuchukue."

Hapa wengi huanza kuisifia Dar na kuiponda Ulaya: huku watu hawaulizani njia, kila mtu kainamia simu, ubinadamu umekwisha. Siungi mkono. Nilipofika Hamburg, Kijerumani changu kikiwa cha kuombea maji, kufika niendako bila kumwomba mtu yeyote kulikuwa heshima kubwa. Hakuna aliyenitazama juu mpaka chini, hakuna dereva aliyenizungusha mji ili mita ya teksi isome. Ramani yetu ya mdomo ni tamu kwa mwenyeji. Mgeni inamlaza njiani. Msichana aliyetoka Singida leo, ameshuka Mbezi saa nne usiku, hana ndugu aliye hewani, ramani ya "ulizia hapo utaonyeshwa" inamweka mikononi mwa yeyote atakayemjibu. Nyumba ikiungua Manzese, gari la zimamoto haliwezi kutumiwa mtoto wa kulipokea barabarani, maana hata huyo mtoto atalikuta limekwama.

Wala huku simu si mtume. Miji mingi ya Italia, Florence ikiwemo, ina maeneo ya katikati ambayo magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi, kamera zinapiga picha namba, na programu inaweza kukuelekeza humo humo bila wasiwasi. Faini inakufuata nyumbani baada ya miezi, wewe umeshasahau ulikula nini Florence. Hapa Ujerumani ukishika simu mkononi huku unaendesha, hata kama ni kutazama ramani, ni euro 100 na alama moja kwenye rekodi yako ya udereva.

Lakini anayenifurahisha kuliko wote ni dada yangu, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou. Huduma za Google China zimefungiwa. Isitoshe, ramani za China kisheria hutumia vipimo vilivyosogezwa makusudi, kwa hiyo ukichukua nukta ya GPS ukaiweka juu ya ramani yao bila kuirekebisha, unaweza kujikuta mita mia kadhaa kutoka uliposimama. Wenyeji wana programu zao, Amap na Baidu, zilizozoea mambo hayo, ila nazo kwa miaka mingi zilitaka ujue maandishi. Dada hajui maandishi. Anachofanya ni kuchukua kadi ya hoteli iliyoandikwa Kichina, anaiweka kwenye sidiria pamoja na hela, na jioni anamwonyesha dereva wa teksi. Kila ghala analopita anaomba kadi. Ana bahasha nzima ya kadi, kila moja kaandika nyuma kwa kalamu: "mapazia", "vitasa", "huyu mwongo". Mtu wa Dar amepeleka Uswahili wake China na unafanya kazi.

Kuna jambo jingine la Wajerumani ambalo nikilisimulia nyumbani watu hawaamini. Google ilipotaka kuonyesha picha za mitaa yao mwaka 2010, kaya zaidi ya 240,000 ziliomba nyumba zao zifichwe, na kwa miaka mingi kulikuwa na picha ambapo ghorofa zima ni ukungu mtupu. Namba yake ipo, serikali inajua nani anaishi humo, ila jirani asichungulie. Kwetu ilikuwa kinyume kabisa: jirani anajua umepika nini, serikali haijui mlango wako.

Haijui, au haikuwa inajua, maana mwaka 2022 kabla ya sensa ilipita operesheni ya anwani za makazi. Vibao vikasimikwa, namba zikabandikwa milangoni, postikodi ya tarakimu tano ikaanza kuulizwa kwenye fomu, na NaPA, programu ya kutafutia anwani hizo, ikawekwa kwenye simu. Nilifurahi kwa dhati. Malalamiko yangu ni kwamba mtaani kwetu kibao kina jina ambalo sijamsikia mtu hata mmoja akilitamka. Anwani iliyo rasmi na isiyosemwa na mtu ni nusu anwani. Mimi ningetaka "kwa Remmy" na "Dampo" ziingizwe kwenye kumbukumbu zikiwa na hadhi sawa na jina la kibao, ili mtu akiandika lolote kati ya hayo afike palepale.

Asiniambie mtu majina ya ramani hayaguswi. Berlin kulikuwa na barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule yule aliyewachapa na kuwanyonga watu Kilimanjaro. Miaka ya 80 wakasema sasa jina ni la Peters mwingine (ujanja wa aina yake, kibao hakikubadilishwa hata herufi), na mwaka 2024 wakalifuta. Kipande kimoja leo kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kama Wajerumani wameweza kuwaweka mababu zetu kwenye simu zao, Sinza inashindwaje kumweka Remmy?

Njia ipo na imeshapitwa. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam wakapita na wenyeji kwenye kata zinazofurika, wakaandika nyumba, mifereji na njia za miguu, wakavitia kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzia Uingereza 2004 na ambayo yeyote anaweza kuihariri. Yeyote, maana yake hata mimi niliye Hamburg. Jumapili za baridi, badala ya kubishana siasa kwenye makundi, nafungua picha ya mtaa wetu na kuongeza kisichoandikwa: kisima, msikiti mdogo, uchochoro unaopita bajaji na ule usiopita. Nauliza kwanza kwa simu, kwa sababu picha ya angani haijui kama kisima bado kina maji.

Kwa sasa nimekwama kwenye duka la kona. Mama anasema niandike "kwa Mangi", wapangaji vijana wanasema Mangi aliuza zamani na sasa pale ni kwa Mpemba. Nimeweka Mpemba kama jina la sasa na Mangi kama jina la zamani, ramani inaruhusu yote mawili. Mama bado hajaridhika na huo mpangilio.