Waswasi si ucha Mungu

Mwandishi wa makala niliyosoma anasema kila anayeshikilia sheria kupita kiasi ana waswasi, yaani ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Hapo amechanganya vitu viwili. Yule bosi anayekurudishia fomu kwa sababu umetumia wino wa bluu anajiona yuko sawa kabisa. Wenye makosa ni sisi. Mgonjwa wa waswasi mara nyingi anajua anachofanya hakina maana, na bado hawezi kuacha. Madaktari wanayapa majina tofauti, ingawa wapo wenye yote mawili.

Mjomba wangu alikuwa akitia udhu nusu saa. Akifika miguuni anahisi kiwiko hakikupata maji, anaanza upya. Akisimama kuswali, takbira mara tano, sita, eti nia haijakaa. Majirani walimsifu kwa ucha Mungu (sisi ndio tuliolipa bili ya maji na kumsikia akilia bafuni). Na sheria yenyewe haikumtaka hivyo: kiungo huoshwa mara tatu kwa wingi, basi, na kanuni ya fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) inasema yakini haiondolewi na shaka. Shekhe alimweleza. Alielewa. Kesho yake akarudi bombani.

Kilichomsaidia ni tiba ya kuzoezwa kuivumilia ile shaka bila kurudia, pamoja na vidonge vya fluoxetine. Ilichukua miezi. Siku hizi anatia udhu mara moja tu, halafu anatoka akitutazama kama mtu aliyeiba kitu.