Pakti ya chainizi si ya kumwagwa siku moja

Chainizi yangu ya kwanza ilichanua maua ya njano kabla sijaitia sufuriani hata mara moja. Ilikuwa Januari, Dar es Salaam, jua la kuchoma utosi, nami nilikuwa nimemwaga pakti nzima ya mbegu kwenye tuta moja nyuma ya jiko. Siku ya tano zikaota zote, nikajiona bwana shamba. Wiki ya tano mashina yakarefuka ghafla kama yanachungulia kwa jirani, majani yakawa machungu. Nikamlaumu muuza mbegu, masikini wa Mungu.

Ninayoisema ni ile ya mabua manene meupe, yaliyobonyea kama kijiko. Hata jina lake la Kikantoni maana yake ni mboga nyeupe. Ni ukoo mmoja na kabichi, na kama kabichi inapenda ubaridi. Joto likizidi, au ikikaa na kiu siku mbili tatu, huacha kunenepa na kukimbilia kutoa mbegu. Kwa hiyo sisi wa pwani, Januari na Februari tupande mchicha na matembele, wenyewe wa jua, chainizi tuingojee Juni hadi Agosti. Asiyeweza kungoja aipe kivuli cha mchana, amwagilie asubuhi na jioni, na aichume ingali changa, kwenye siku 30 hivi. Ikiachwa ikomae huchukua siku 45 hadi 60.

Lakini hata msimu ukiwa mzuri, pakti nzima kwa siku moja ni ujinga niliorudia mara tatu. Zote hukomaa wiki moja. Nyumba ya watu watano mtakula chainizi mpaka watoto wagome, na majirani nao wakikuona na beseni wanafunga mlango. Siku hizi nafinya mbegu kidogo tu, ncha za vidole viwili, kila baada ya wiki mbili. Nafukia sentimita moja, kisha napunguza miche hadi kila mmoja upate kama sentimita 20. Ninayoing'oa siitupi, inaingia kwenye supu. Mbolea ya kuku iwe ya zamani, iliyooza vizuri, maana mbichi huunguza mizizi.

Suala la wadudu ndilo linalonigombanisha na watu. Jani likitoboka kidogo, mtu ameshabeba bomba la dawa. Mboga ya kuchumwa saa kumi na kuliwa usiku huohuo! Kama ni kula dawa, gengeni kuna fungu la bei poa, ya nini kujichosha na ndoo za maji? Mimi natandaza neti juu ya fito tangu siku ya kupanda na kufukia kingo zake, kwani ukichelewa unawafungia viwavi ndani na chakula chao. Isiwe chandarua chenye dawa ya mbu, tafadhali. Vidukari nawaosha kwa maji, na matundu yanayobaki nakula nayo.

Jikoni pia tunaionea, tunaichemsha mpaka inakuwa uji wa kijani. Mabua yatangulie kwenye kitunguu na mafuta dakika mbili tatu, majani yaingie mwisho, yakinywea tu epua. Bua likiwa bado linalia kachu mdomoni, hapo imeiva.